Mfinyanzi Hulia Gaeni



Baadhi yenu mmeona picha za vikombe vyangu vya udongo kwenye simu ya binti yangu, na mchungaji akaniomba niandike kidogo kuhusu kazi hiyo katika jarida letu la Jumapili. Nilikubali haraka. Nilipokaa kuandika, nikaona siwezi kueleza habari ya vikombe bila kueleza habari nyingine ambayo si nzuri, nayo inanihusu mimi na nyumba niliyolelewa. Naomba mnivumilie.

Nina miaka 63. Miaka 15 nilifua mashuka ya hoteli hapa mjini, mpaka magoti yakakataa. Nilipoacha kazi nilikaa nyumbani nikitazama dirisha, nikawapigia simu ndugu zangu mpaka wakachoka nami. Binti yangu aliona hali hiyo, akanilipia masomo ya ufinyanzi katika kituo cha jamii, Alhamisi jioni, wiki nane. Nilipojua bei nilikasirika. Kwa fedha zile mtoto wa dada yangu kule Rumonge angekaa shuleni muhula mzima. Nilikwenda kwa sababu tu waliniambia fedha hazirudishwi.

Mwalimu ni kijana, mdogo kuliko kitindamimba wangu. Alituweka kwenye gurudumu linalozunguka kwa umeme, akatufundisha kuusimamisha udongo katikati kabla ya kuufungua. Wangu ulikataa kukaa katikati. Uliyumba, ukarukia aproni ya jirani yangu. Wiki ya tatu mwalimu aliniambia niache gurudumu, nijaribu kwa mikono mitupu. Unakanda udongo, unatengeneza kitako, unaviringisha udongo mwingine kama kamba, unazungusha kamba juu ya kamba na kuziunganisha kwa vidole, kisha unalainisha kwa jiwe. Nilipoanza kufanya hivyo, mikono ilikwenda yenyewe. Mwalimu akauliza nilijifunza wapi. Nikamwambia sijawahi kujifunza.

Hiyo haikuwa kweli kabisa. Niliwahi kumwona mtu akifanya.

Nilizaliwa kusini mwa Burundi, na nilikuwa na miaka 10 tulipokimbilia Tanzania mwaka 1972. Kabla ya hapo, kila baada ya mavuno ya maharage, mama mmoja Mtwa alipita kwenye mlima wetu akiwa na vyungu kichwani. Wenzetu mliotoka Burundi, Rwanda na mashariki ya Kongo mnajua ninachosema. Kwa ndugu zangu wa Mombasa na Dar es Salaam nieleze kidogo: Watwa ni wenyeji wa nchi zile, wachache sana, hukadiriwa kuwa kama mmoja kati ya watu mia. Wengi wao hawakuwa na shamba, na kwa miaka mingi ufinyanzi ndio uliowalisha. Na watu hawakula nao. Hawakuoa kwao, hawakukaa nao mkeka mmoja, hawakunywa nao chombo kimoja.

Kwetu chungu cha kupikia kilinunuliwa kwa maharage. Ulikijaza mara moja, hiyo ndiyo bei. Bibi yangu hakukijaza mpaka mdomoni. Aliacha vidole viwili. Yule mama aliona, hakusema kitu. Kisha aliomba maji ya kunywa, maana alikuwa ametembea tangu alfajiri. Ndani ya nyumba yetu kulikuwa na mtungi wa maji ya baridi, mtungi aliofinyanga yeye mwenyewe. Bibi alichota maji humo kwa kata, akatoka nayo mpaka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ambako kulikuwa na gae, kipande kikubwa cha chungu kilichovunjika. Akamimina maji gaeni. Yule mama akachuchumaa, akanywa, akalirudisha gae mahali pake.

Sisi watoto tuliona hivyo kila mwaka. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Siku moja nilipotumwa maji bondeni nilimkuta akifinyanga kando ya kinamasi, nikajificha kwenye nyasi nikamtazama kwa muda mrefu. Nilipotoka mafichoni alinisalimia kwa sauti nzuri. Nilikimbia bila kuitikia.

Mnajua methali yetu: mfinyanzi hulia gaeni. Tunaitumia kumcheka fundi asiyejali vitu vyake mwenyewe, kama fundi viatu anayetembea na viatu vilivyotoboka. Nimeitumia mara nyingi. Lakini nyumbani kwetu mfinyanzi alinywa gaeni kwa sababu sisi ndio tuliompa gae.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Siku ya Pasaka, tulipokuwa tukila ukumbini, binti yangu alizungusha picha za vyungu vyangu. Ndugu mmoja, mtu mwema ambaye ametusaidia wengi hapa, akasema kwa sauti kubwa, “Mama, kumbe umekuwa Mtwa!” Meza nzima ilicheka. Nami nilicheka. Palikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Aliinuka akaanza kukusanya sahani. Sikumuuliza kwa nini, na hapa sitamtaja.

Usiku ule sikulala. Nilijiuliza swali ambalo naliweka mbele yenu leo: Je, ni haki kuifanya kuwa starehe kazi ile ile ambayo tulimdharau mwenzetu kwa kuifanya?

Mtu anaweza kunijibu kwamba yale yalikuwa mambo ya wazee, na wazee hawakujua. Ningependa kukubali, maana nilimpenda bibi yangu. Alilea yatima wanne wasio wa ukoo wetu. Lakini nakumbuka siku moja katekista alikuwa ameketi uani kwetu yule mama alipofika na vyungu. Siku hiyo bibi alimpa maji katika kibuyu chetu, kama mtu yeyote. Katekista alipoondoka, kibuyu kile hakikurudi ndani. Kwa hiyo bibi alijua. Asiyejua hana sababu ya kuficha.

Mwingine atasema dharau ile ilitokana na kazi yenyewe, kazi ya matope. Lakini bibi yangu alikuwa mkulima. Alitoka shambani na udongo mpaka kwenye nyusi, na hakuna aliyemnyima kikombe. Na kazi ya kamba za udongo, bila gurudumu, siku hizi inaheshimiwa sana. Mwalimu wangu alinionyesha kitabu chenye picha za vyungu vya Magdalene Odundo, mama aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kuhamia Uingereza mwaka 1971. Kabla ya kuwa maarufu alikwenda Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wanawake wa huko, akiwemo Ladi Kwali, ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Odundo hujenga vyungu kwa mikono, huvisugua mpaka ving'ae bila kuvipaka rangi ya kioo, na baadhi yake vimo katika jumba la makumbusho la British Museum. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya kuitwa Dame. Mikono ikifanya hivyo London, watu husimama nyuma ya kamba na kutazama kwa adabu. Matope ni matope kule na huku, kwa hiyo dharau haikutoka kwenye matope.

Ilitoka wapi? Jibu nililolipata lilitoka kwenye chungu changu cha kwanza. Nilikijenga kwa Alhamisi tatu. Nikakiacha kikauke wiki mbili. Kikaingia tanurini, na huko kikapasuka vipande vipande, kwa sababu niliacha kitako kinene na ndani yake kulikuwa bado na unyevu. Moto ukipanda, maji yaliyobaki hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua. Mwalimu alinipa pole, akasema hutokea kwa kila mtu. Nilifagia vigae vyangu nikarudi nyumbani kula ugali.

Nikiwa kwenye basi nilianza kuhesabu. Yule mama alichimba udongo wake kinamasini mwenyewe, akaubeba, akautoa mawe moja moja, akautwanga, akaukanda, akajenga, akangoja siku za jua, akakusanya nyasi na kuni, akachoma mahali pa wazi. Vingine vilipasuka, na hakuna aliyempa pole. Vilivyobaki alivibeba kichwani kupanda milima na kushuka. Kwa yote hayo tulimlipa maharage ya chungu kimoja, pungufu vidole viwili.

Kama bibi yangu angekaa naye mkeka mmoja, akamsikiliza akieleza kazi ile, asingeweza kuacha vile vidole viwili. Aibu ingemshika. Ili umlipe mtu kidogo hivyo bila kuumia moyoni, lazima kwanza umfanye kuwa mtu asiye wa kukaa naye. Gae lile lilikuwa sehemu ya bei.

Wapendwa, jambo hili tunalijua vizuri kutoka upande mwingine. Miaka 15 niliyofua mashuka, wageni wa hoteli walipita mbele yangu kwenye korido kama ninavyopita mbele ya ukuta. Wapo kati yetu wanaokata kuku kiwandani usiku, wanaogeuza wagonjwa vitandani, wanaosafisha ofisi watu wakiwa wamelala. Tukikutana hapa Jumapili tunaambiana jinsi inavyouma kuonekana kama chombo. Tunaomba Mungu awaguse wenye nchi watuone kuwa watu. Ni ombi zuri. Lakini nimeona aibu kuliomba huku nikicheka ule utani wa Pasaka.

Na kuna jambo jingine ambalo nimelisahau kwa miaka mingi. Mwaka 1972, tulipovuka kuingia Kigoma, tulikuwa tumetembea siku nyingi, tumejaa vumbi na chawa. Mama mmoja wa Kiha alitoka nyumbani kwake na kikombe cha bati. Alitunywesha sisi watoto mmoja mmoja. Kisha alichota tena, akanywa yeye mwenyewe katika kikombe kile kile, bila kukisuuza. Nilikuwa na miaka 10. Nilielewa kwamba yule mama alikuwa mwema, lakini sikulikumbuka gae. Imenichukua zaidi ya miaka 50, na fuko la udongo la kununua, kuyaweka mambo haya mawili pamoja.

Basi nirudi kwenye swali. Je, niache ufinyanzi?

Kuna tofauti kubwa kati yangu na yule mama, na si vizuri kuificha. Mimi nalipa ili nishike udongo, yeye hakulipwa vya kutosha kwa kuushika. Chungu changu kikipasuka, napoteza jioni. Chake kikipasuka, watoto wake walipoteza chakula. Mimi naweza kuacha kesho. Kwa hiyo nisidhani kwamba kwa kufinyanga nimekuwa mwenzake, au kwamba nimemlipa deni. Sijamlipa chochote. Watwa wengi wa Burundi mpaka leo wanahangaika kupata ardhi. Vinamasi walivyochimba udongo vimegeuzwa mashamba, na sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nafasi ya vyungu vyao. Ni kweli Katiba ya mwaka 2005 iliwapa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini sheria inaweza kumpa mtu kiti bungeni. Haiwezi kumlazimisha jirani anywe naye.

Hata hivyo sitaacha. Nimefikiri hivi: starehe si dhambi, na mtu mzima aliyefua mashuka ya watu maisha yake yote anaruhusiwa kufurahia kitu. Kosa lingekuwa kufurahia bila kujua ninachokifurahia kimetoka wapi. Mikono yangu sasa inajua uzito wa ile kazi. Mtu akishajua uzito, hana ruhusa tena ya kucheka. Deni lipo, na sehemu yake ninayoiweza ni ndogo: kusema ukweli mbele ya wajukuu, kumlipa kila fundi bei kamili bila kuacha vidole viwili, na kutoruhusu gae lolote katika nyumba yangu wala katika kanisa hili.

Mtaniuliza kama mtu wa miaka 63 anaweza kubadilika moyo. Nami nilijiuliza. Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji, maana yake mtoto ndiye wa kufundishwa, mzee ameshakauka. Nilimweleza mwalimu wangu methali hiyo. Akacheka, akanipeleka kwenye ndoo iliyo kona ya chumba, ambamo hutupwa vyungu vilivyokauka lakini havijachomwa. Aliniambia nichukue kipande kilichokauka kabisa, cheupe, na kingine kilichokauka nusu, nivitie majini. Kile kikavu kilianza kutoa mapovu mara moja, kikabomoka chenyewe, na kabla ya kipindi kwisha kilikuwa tope laini. Kile cha nusu kilikaa pale pale kama kilivyokuwa, kigumu nje, chenye unyevu kidogo ndani. Kilichokauka kabisa kina nafasi ya kunywa maji. Kilichokauka nusu kimejaa maji yake mwenyewe.

Nadhani hapo ndipo nilipokuwa kwa miaka mingi. Nilikuwa mtu wa kanisa, mwenye unyevu wa kutosha kujiona sawa. Udongo ukishapita tanurini, hapo haurudi tena kuwa udongo wa kufinyanga. Lakini hata vigae hivyo wafinyanzi wengi huvisaga na kuchanganya na udongo mpya, na vyungu huwa imara zaidi motoni. Namkumbuka bibi yangu ninaposaga.

Yeremia sura ya 18 tunaihubiri mara nyingi, kwamba sisi ni udongo na Mungu ni mfinyanzi. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya jambo la kwanza kabisa katika sura ile: nabii aliagizwa aondoke, ashuke mpaka nyumbani kwa mfinyanzi, na huko ndiko angesikia neno. Hakuitiwa mfinyanzi hekaluni. Alikwenda kusimama kwenye matope ya mtu, akatazama akifanya kazi. Mimi nilitazama nikiwa nimejificha kwenye nyasi, na nikakimbia niliposalimiwa.

Yule ndugu wa utani wa Pasaka nilimpigia simu. Nilimwambia sikumpigia kumlaumu, maana nilicheka pamoja naye. Nikamweleza habari ya bibi na ya gae. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikafikiri simu imekatika. Halafu akasema kwao gae lilikaa chini ya ghala. Hatukusema mengi zaidi. Ameniruhusu niandike hivyo.

Jumapili ijayo baada ya ibada nitaleta chai ya tangawizi na vikombe 11 nilivyofinyanga. Havina majina, na watu watabadilishana kwa sababu hatutatosha. Wazazi, nawaomba mje na watoto, na wakiuliza kwa nini bibi huyu analeta vikombe vilivyopinda, waambieni ukweli. Kimoja kinavuja kidogo upande wa chini. Hicho ni changu.

Mungu awabariki.